Mnaniuliza kuhusu sauti ya ndai, hamniulizi kuhusu tairi

Kila wiki nafungua simu napata meseji za Subaru, na karibu zote zinauliza kitu kimoja: "Buda, ekzosi uliwekewa wapi?" Mwingine anataka kujua rimu, mwingine rangi. Sijawahi kuulizwa hiyo ndai inakanyaga nini. Na siwalaumu, juu hata mimi sikuwa najiuliza.

Kwa wale wageni hapa: niko Kimilili, niliacha chuo nikiwa mwaka wa pili, kozi ya hisabati, na tangu hapo nakula kwa hizi video. Gari ni Impreza ya 2010, ile ya mgongo mfupi, inayovuta kwa miguu yote minne. Nusu ya pesa alinikopesha khocha, nusu nikachanga mwenyewe. Mama yangu hajawahi kuiita Subaru. Anaiita Karo. "Leo Karo imeamka?" "Karo imekunywa mafuta ya ngapi?" Anacheka akisema, lakini mimi najua si mzaha wote.

Sasa, kuna video niliyofanya mapema 2024. Wengi wenu mliiona. Duka moja la tairi za mtumba kutoka Japani lilinipa tairi mbili bure, na mimi nikasimama mbele ya kamera nikasema ni kali, meno yamejaa, bei ya wasee. Sitataja jina la duka. Si kuogopa. Aliyekuwa anacheka kwenye hiyo video ni mimi, hawakunishikia bunduki.

Zile mbili nilifunga mbele. Nyuma nikaacha za zamani, zilikuwa zimeanza kuisha lakini bado si kipara. Nilijiambia mbele ndiko kuna usukani na breki kubwa, kwa hivyo nzuri ziende mbele. Ilikuwa inaniingia akilini kabisa.

Mei hiyo, nilikuwa namleta Mama kutoka Kitale. Yeye huuza mitumba soko la Kimilili, na siku hiyo tulikuwa na belo moja nyuma. Mvua ya Trans Nzoia mnaijua, haianzi na manyunyu, inamwagwa. Tulikuwa tumepita Kiminini, tunashuka kuelekea Kamukuywa, mwendo wa kawaida, naapa, sikuwa narekodi wala sikuwa naonyesha mtu kitu. Kwa kona nikagusa breki kidogo kwa sababu ya lori la mahindi mbele. Mbele ya gari ikatii. Nyuma ikakataa. Niliona shamba la mtu kupitia dirisha la Mama, halafu nikaona barabara tuliyotoka, halafu tukasimama ndani ya mtaro, gari imeangalia Kitale tena.

Hakuna aliyeumia. Mama hakupiga kelele. Alishika mlango na mikono yote miwili, na hata baada ya gari kusimama hakuuachilia. Baadaye akasema tu, "Papa, zima hiyo redio." Sikuwa nimejua redio inaimba.

Vijana wa bodaboda walitusukuma tukatoka. Rimu moja ya mbele ilikuwa imepinda, kwa hivyo kesho yake nikaenda kwa mzee wa pancha hapa mjini, yule anayekaa kwa mwavuli na kompresa yake ya kelele. Akatoa tairi, akaigeuza, akanyamaza. Kisha akaniita: "Kijana, kuja usome." Akaweka kidole kwa maandishi ya pembeni. Baada ya herufi DOT kuna msururu, na mwisho wake kuna kiduara kirefu chenye namba nne. Yangu ilisema 1113. "Hii ni wiki ya 11 ya mwaka wa 2013," akasema. "Wewe mwaka huo ulikuwa wapi?"

Nilikuwa darasa la tano.

Meno yalikuwa yamejaa kweli, hapo sikudanganya mtu. Lakini tairi huzeeka hata ikilala stoo. Mpira unakauka, unakuwa mgumu kama soli ya kiatu cha shule, na lami ikilowa haushiki tena. Mzee alikunja ukuta wa ndani, ile sehemu huwezi kuona ikiwa imefungwa, na nyufa ndogo zikafunguka kama udongo wa Januari. Kampuni kama Michelin hushauri tairi ikaguliwe kila mwaka ikishatumika miaka 5, na ikifika miaka 10 tangu itengenezwe itolewe hata kama inapendeza kwa macho. Yangu ilikuwa na 11, na niliipigia debe.

Mama alikuwa amesimama hapo. Akaangalia namba, akaniangalia mimi. "Mimi nikichagua nguo kwa belo naangalia mshono kwanza," akasema. "Wewe uliangalia rangi." Miaka yote hiyo ya mitumba nyumbani, na sikuwa nimejifunza hata hilo.

Halafu swala la mbele na nyuma. Hili ndilo linaniuma zaidi juu lilikuwa la bure. Ukiwa na tairi mbili nzuri na mbili zimechoka, zile nzuri zinaenda nyuma. Hata kama gari yako inavutia mbele. Mbele ikiteleza, gari inaenda moja kwa moja, unaachilia mafuta, inarudi. Nyuma ikiteleza, gari inazunguka, na kama si dereva wa rali, umekuwa abiria. Ile mifereji kwa tairi kazi yake ni kutoa maji chini ya mpira. Ikiwa mifupi, maji yanakosa pa kupita, na tairi inapanda juu yake kama mtumbwi.

Na kwa Subaru ya miguu minne, hata hiyo ya mbili-mbili si dawa. Hapa wacha nitumie ile hisabati niliyoacha. Saizi yangu ni 205/55R16. Mzunguko wake ni karibu milimita 1,985. Tuseme mbele meno yana milimita 7 na nyuma 3. Tofauti ni 4 tu, ndogo, sivyo? Lakini hiyo inapunguza mzunguko wa nyuma kwa milimita 25. Maana yake kila kilomita tairi za nyuma zinazunguka mara sita hivi zaidi ya za mbele. Endesha kilomita 40, ni zaidi ya mara 250. Huo ugomvi wote unaenda kwa ule mtambo unaogawa nguvu kati ya mbele na nyuma, unapata joto, unakufa polepole. Subaru wenyewe hutaka tofauti ya mzunguko kati ya tairi zote nne isizidi robo inchi, yaani milimita 6 na kidogo. Kwa meno hiyo ni kama milimita moja. Kwa hivyo unanunua nne, za aina moja, pamoja. Najua inauma. Niliuza kamera yangu ya pili.

Nilinunua mpya, si za jina kubwa, 10,500 kila moja, baada ya kusoma namba kila moja nikiwa nimepiga magoti dukani. Pale pembeni zimeandikwa 91V. Hiyo 91 inamaanisha kila tairi inabeba hadi kilo 615, na V inamaanisha mwisho wake ni kilomita 240 kwa saa. Wengine wataniuliza mbona sikupanda rimu za 18 nikipata nafasi. Umewahi kupanda Kapsokwony na tairi nyembamba kama mkate wa chapati? Shimo moja, rimu imeenda. McRae alishinda Safari Rally ya 1997 kwa Impreza, lakini hakuwa kwa tairi za picha.

Upepo sasa. Wazee wa pancha wengi watakujazia 40 "isiumie na mashimo". Kataa kwa heshima. Fungua mlango wa dereva, kuna stika. Yangu inasema 230 mbele na 220 nyuma kwa kilopaskali, yaani kama 33 na 32 kwa ile geji yao. Pima asubuhi kabla gari haijatembea, tairi ikiwa baridi, juu ikipata moto namba inapanda na kukudanganya. Upepo ukizidi, tairi inaisha katikati. Ukipungua, inaisha kando na kuchemka. Nilinunua geji yangu ndogo, inakaa kwa droo ya gari. Kila kilomita 10,000 hivi nabadilisha za mbele ziende nyuma, ili ziishe pamoja. Na nikigonga shimo la maana, naenda alaimenti, singoji usukani uanze kuvuta.

Ile video niliitoa. Ilikuwa na watu wengi kuliko video yoyote niliyowahi kufanya, na nilikaa siku tatu kabla ya kuitoa. Siku tatu. Hizo ndizo sijivunii.

Siku ya pili kati ya hizo tatu, kijana mmoja wa Chwele aliniandikia kunishukuru. Alikuwa amenunua mbili pale pale, kwa sababu yangu. Nilimpigia, nikamwambia asome zile namba nne. Akaenda nje na tochi ya simu, nikasikia akihema. "Arobaini na mbili, kumi na mbili." Oktoba 2012. Jumamosi alikuwa anaenda Eldoret na marafiki wanne.

Hakwenda. Alikasirika, na hakunitukana, ambayo ni mbaya zaidi. Duka lilikataa kuzirudisha. Kwa hivyo, bro, kama bado unasoma hapa: ile elfu tano nimetuma leo mchana, angalia simu. Nyingine nne ni mwisho wa mwezi, nikilipwa ile kazi ya harusi ya Webuye.