Kazi ya Mshika Usukani

Ukitaja kikosi maalumu cha majini, watu huwaza bunduki na helikopta. Mimi niliyeshika usukani wa boti za mpira huko Mtongwe na Manda, pwani ya Kenya, kilichoninyima usingizi ni upepo ndani ya boti na maji chini yake.

Boti ya aina ya Zodiac, yenye urefu wa mita 4.7, hubeba hadi watu 10. Ijaze barabara asubuhi kisha iache juani: adhuhuri imevimba, lazima uipunguze. Usiku ikishushwa majini hewa inapoa, boti inalegea. Boti iliyolegea hujikunja katikati kila ikipanda wimbi. Mashine inanguruma na mwendo hamna. Kwa hiyo pampu haiachwi nyuma, na kila chumba cha hewa hubonyezwa kwa kiganja kabla ya safari.

Halafu kuna mwamba. Siku za bamvua, mwamba uliopita juu yake saa kumi jioni bila kuujua, saa nne usiku umetoa meno, unangoja pangaboi. Vikosi vya Kenya viliposhuka Kismayu, Somalia, kutokea baharini usiku wa kuamkia 28 Septemba 2012, wenzangu waliulizana habari za wapiganaji wa Al-Shabaab. Mimi nilihesabu mwezi, mleta bamvua: zilibaki siku mbili ukamilike. Mwanga wake humwonyesha nahodha njia, na humwonyesha adui nahodha.

Kuingia ufuoni ndiko kwenye kazi. Unakaa mgongoni mwa wimbi na kulifuata kwa mwendo wake. Ukilipita, omo inazama, tezi inasukumwa, boti inageuka ubavu, na wimbi la nyuma linawamaliza. Maji yakifika kina cha kiuno mashine inainuliwa, na kuanzia hapo ni makafi tu.

Makomando wa majini wa Uingereza waliyaonja haya Desemba 1942, walipokwenda kutega mabomu kwenye meli za Wajerumani bandarini Bordeaux. Mitumbwi 5 ya kukunja, watu 10. Usiku wa kwanza tu, mkondo wa mdomo wa mto Gironde uliwapotezea mitumbwi miwili. Kati ya wale kumi, waliorudi salama ni wawili tu, Hasler na Sparks. Mabomu yalilipuka, naam, lakini mimi kila nikiisoma habari ile hukwama kwenye ule mkondo.

Ndiyo maana kuruti wetu alipindua boti kwa makusudi, mchana na usiku: mnasimama ubavu mmoja, mnashika kamba zilizofungwa ubavu wa pili, mnajitupa nyuma kwa pamoja. Mkiisha kuigeuza tena, plagi zinatolewa, kamba ya mashine inavutwa mpaka silinda iteme maji, plagi zinarudishwa. Niliwaona wanaume wenye vifua vipana, hodari wa mbio na shabaha, wakiangusha plagi baharini kwa kutetemeka vidole. Hao tuliwarudisha vikosini mwao.