Enzi za Sita Kamili

Waliosoma Ujerumani Mashariki miaka ya themanini wataikumbuka harufu ile: moshi wa makaa ya kahawia ulioteremka juu ya Leipzig kila ifikapo Novemba, ukaingia kwenye makoti, kwenye mashuka, hata kwenye mkate mweusi wa kantini, usituachie mpaka Machi. Ndani ya msimu huo wa moshi nilianza kuupenda mchezo ambao nyumbani Tanga sikuwahi kumsikia mtu akiutaja, wa kuteleza kwa madoido juu ya barafu. Bweni letu lilikuwa na televisheni moja ya nyeupe na nyeusi, ya kupigwa kofi ubavuni kila picha ilipoanza kupanda na kushuka, na usiku wa Olimpiki ya majira ya baridi tulijazana mbele yake Watanzania, Waangola, Wahabeshi na Wavietnam, kila mtu na blanketi lake mabegani na kikombe cha kahawa ya shayiri isiyo na sukari ya kutosha.

Siku hizi natazama kwenye simu, pamoja na mjukuu wangu. Picha ni safi kuliko macho yangu.

Kilichotunasa pale bwenini, kabla hata ya uzuri wa mchezo, ilikuwa hukumu. Majaji walikuwa tisa, kila mmoja na bendera ya nchi yake, kila mmoja na alama mbili, moja ya ufundi na moja ya sanaa, na kilele cha zote kilikuwa 6.0. Mtu yeyote aliweza kuufuata mchezo kwa hesabu hiyo. Kabla alama hazijatokea kwenye kioo tulikuwa tumeshazitangaza zetu kwa sauti, huyu 5.7, yule 5.8, na jaji aliyethubutu kutoa 5.3 alizomewa kwa jina la taifa lake kana kwamba serikali nzima ndiyo iliyokaa kwenye kiti kile. Ikitokea sita kamili, chumba kilinyamaza kwanza, halafu kikalipuka.

Usiku wa sita kamili nyingi ulikuwa wa tarehe 14 Februari 1984, ukumbi wa Zetra, mjini Sarajevo. Waingereza Jayne Torvill na Christopher Dean walianza densi yao ya Bolero wakiwa wamepiga magoti juu ya barafu, wakiyumba mikono na viwiliwili bila kusogea. Tulidhani ni madaha tu. Baadaye nilisoma kwamba ilikuwa hesabu: muziki wao, wa dakika 4 na sekunde 28, ulikuwa mrefu kuliko muda ulioruhusiwa, na kanuni ilisema saa haianzi kuhesabu mpaka makali ya viatu yaguse barafu. Basi waliziiba zile sekunde za mwanzo kwa magoti. Alama zilipotoka, majaji wote tisa walitoa 6.0 upande wa sanaa, na jumla ya sita kamili usiku ule ikawa 12. Mwenzetu mmoja wa Angola alipanda juu ya benchi akapiga makofi mpaka mlinzi wa zamu akaja kuuliza kuna nini.

Mjukuu wangu aliitafuta densi hiyo kwenye simu, ikaja mara moja. Ndipo nilipoona kwamba nguo zao zilikuwa za zambarau. Miaka yote hiyo nilizibeba akilini zikiwa za kijivu.

Kulikuwa na upande mwingine wa mchezo ambao televisheni ilituonyesha kwa dakika chache tu, nao ndio uliokuwa shina lake: michoro ya lazima. Mtelezaji alichora juu ya barafu duara zilizoungana mithili ya namba nane, akazirudia juu ya mstari uleule kwa mguu mmoja, kisha kwa mguu mwingine, taratibu, bila muziki, na alipomaliza majaji waliingia uwanjani, wakainama, wengine karibu wapige magoti, kukagua kama mistari imelala mmoja juu ya mwingine. Kwa michoro hiyo Mwaustria Trixi Schuba alitwaa dhahabu ya Sapporo mwaka 1972 ingawa katika kuteleza huru alikuwa wa saba, huku Mmarekani Janet Lynn, ambaye ukumbi ulimpenda, akiishia na shaba. Michoro ya lazima ilifutwa baada ya msimu wa 1990. Nakubali kwamba ilichosha, na kwamba watazamaji hawakununua tiketi kwa ajili yake. Hata hivyo, ninapowaona vijana wa leo wakikimbia moja kwa moja kutoka mruko mmoja hadi mwingine, naukumbuka utulivu wa mguu uliolazimishwa kupita mara tatu juu ya mstari mmoja.

Sarajevo ile ndiyo iliyomtoa Katarina Witt, binti wa miaka 18 kutoka Karl-Marx-Stadt, mji wa viwanda kusini mwa Leipzig, mwanafunzi wa kocha mkali Jutta Müller. Picha yake ilibandikwa kila mahali. Miaka minne baadaye, Calgary, alikutana na Mmarekani Debi Thomas, na wote wawili walikuwa wamechagua muziki wa Carmen, opera ya Bizet. Chumba chetu kiligawanyika. Wenyeji walikuwa na Katarina wao, nasi Waafrika tulimtaka Debi, binti mweusi aliyekuwa akisoma Chuo Kikuu cha Stanford akitaka kuwa daktari, ingawa tulimshangilia kwa sauti ya chini, maana tulikuwa wageni. Kulikuwa kunakaribia kupambazuka Leipzig alipoanza. Miruko yake ya kwanza miwili ya mfululizo ilitua vibaya, na tangu sekunde ile uso wake ulikuwa umeshaondoka uwanjani. Alipata shaba. Ilikuwa medali ya kwanza kwa mwanamichezo mweusi katika Olimpiki ya majira ya baridi, na sisi pale tuliiona kama msiba, hata hatukuipigia makofi inavyostahili. Debi Thomas alikuja kuwa daktari bingwa wa mifupa, kama alivyokusudia.

Kisha mambo yakaporomoka upesi. Ukuta ulianguka mwaka 1989, Karl-Marx-Stadt likarudia jina lake la zamani, Chemnitz, na ukumbi wa Zetra uliojengwa kwa ajili ya wiki zile mbili za amani ukapigwa mizinga vitani. Uwanja wa jirani ukageuzwa makaburi, na mbao za viti vya watazamaji zikachongwa majeneza. Mwaka 1994 Witt alirudi mashindanoni, Norway, akiwa amepitwa na wasichana wanaoruka kuliko yeye, akateleza kwa wimbo wa kupinga vita kwa ajili ya Sarajevo iliyokuwa imezingirwa. Alimaliza wa saba. Mimi nilikuwa nimeshakaa nyumbani Tanga, nikitegemea redio na magazeti yaliyochelewa, na habari zilizofika zilimhusu Nancy Kerrigan aliyepigwa gotini na njama iliyomhusisha mpinzani wake Tonya Harding. Kuhusu Witt na Sarajevo nilisoma mistari mitatu.

Zetra ilijengwa upya. Watoto wanateleza humo tena.

Sita kamili yenyewe iliuawa na waliopewa kuilinda. Salt Lake City, mwaka 2002, Warusi Elena Berezhnaya na Anton Sikharulidze walipewa dhahabu ya jozi, Wakanada Jamie Salé na David Pelletier fedha, ukumbi ukaguna, na kesho yake ikadaiwa kwamba jaji wa Ufaransa alishinikizwa kutoa kura yake kwa makubaliano ya siri. Siku chache baadaye Wakanada nao walipewa dhahabu. Michezo iliyofuata, Turin 2006, haikuwa na 6.0 tena. Sasa kila mruko, kila mzunguko na kila hatua ina thamani yake iliyoandikwa mapema, majaji huongeza au kupunguza, wataalamu wengine hurudia picha polepole kuona kama robo ya duara imekosekana, na mwishoni kompyuta hujumlisha. Nathan Chen alishinda Beijing mwaka 2022 kwa alama 332.60.

Mjukuu wangu aliniuliza, "Babu, hiyo ni nyingi?"

Nilimwambia ni nyingi sana. Alipouliza nyingi kuliko nini, ilinibidi nifungue ukurasa wa takwimu.

Hapo ndipo ninapohesabu hasara. Mizani ya sasa ni ya haki zaidi kuliko ya zamani, nasema hivyo bila kusita, kwa sababu aliyeanguka anajua amekatwa nini na aliyepanda anajua amepanda kwa lipi. Lakini ule ujaji wa bweni zima, wa watu wa lugha nne kubishana juu ya 5.8 na 5.9, umekwisha. Tunaoutazama mchezo sasa tunasubiri kuambiwa.

Na faida ya enzi hii mpya nimeiona kwa macho. Kule Chemnitz, kwenye mji uleule wa Katarina Witt, miaka ya elfu mbili alijitokeza kijana mrefu, mpole, Robin Szolkowy, akiteleza kwa jozi na Aljona Savchenko aliyetokea Ukraine. Robin alizaliwa Greifswald mwaka 1979, mama Mjerumani, baba Mtanzania. Wapo wengi wa kizazi chake, waliozaliwa na wanafunzi wa nchi zetu waliokwenda kusoma Ujerumani Mashariki kisha wakatakiwa kurudi makwao masomo yalipoisha; baadhi yao tuliwaona wakiwa vitoto vya kubebwa, wakitazamwa sana kwenye tramu. Huyu alikua akawa bingwa wa dunia mara tano. Vancouver mwaka 2010 alipata shaba ya Olimpiki, akiteleza kwa muziki wa filamu ya Out of Africa, ile iliyopigwa Kenya. Sochi mwaka 2014 wakapata shaba nyingine, baada ya kuthubutu kumaliza programu yao kwa kurushwa kwa mizunguko mitatu na nusu ambako Aljona alianguka. Wangeweza kuuacha mruko ule. Sikuwahi kusikia redio yetu yoyote ikimtaja Robin, na hilo linaniuma, kwa kuwa medali mbili za Olimpiki kwa mtu mwenye damu ya kwetu si habari ndogo.

Sitaki kuyapaka mafuta mambo ya sasa. Beijing hiyohiyo ya 2022 tulimwona Kamila Valieva, mtoto wa miaka 15, akianguka na kuanguka tena mbele ya dunia baada ya kipimo chake kukutwa na dawa iliyokatazwa, na watu wazima waliomzunguka wakimuuliza kwa nini ameacha kupigana. Mjukuu wangu alikaribia umri huo. Tulizima simu. Baada ya hapo shirikisho la dunia la mchezo huu lilipandisha umri wa chini wa wakubwa, hatua kwa hatua, hadi miaka 17, na huo ni uamuzi ambao ungetakiwa kufanyika zamani.

Kuna mmoja nimemweka mpaka hapa kwa makusudi. Surya Bonaly, Mfaransa mweusi, bingwa wa Ulaya mara tano, ndiye aliyesoma kiapo cha wanamichezo Albertville mwaka 1992. Mara tatu mfululizo alikuwa wa pili duniani, na mara ya pili kati ya hizo, Japani mwaka 1994, aliivua medali ya fedha shingoni huku machozi yakimtoka, kwa kuwa aliamini amedhulumiwa. Walisema anaruka mno na hatelezi, kwamba hana ulaini. Nagano mwaka 1998, akiwa na maumivu na akijua medali haiko tena, alipiga pindu la kinyumenyume katikati ya programu na kutua kwa mguu mmoja. Pindu hilo lilikuwa limepigwa marufuku tangu miaka ya sabini, muda mfupi baada ya Mmarekani Terry Kubicka kulipiga Innsbruck mwaka 1976. Bonaly alikatwa alama, akamaliza wa kumi, na akaiaga Olimpiki kwa mtindo wake mwenyewe, akiwa amewapa majaji mgongo na watazamaji uso.

Marufuku iliondolewa mwaka 2024. Milano mwaka 2026 Ilia Malinin, yule kijana wa Marekani ambaye mwaka 2022 alikuwa wa kwanza duniani kutua mruko wa mizunguko minne na nusu mashindanoni, alipiga pindu la kinyumenyume kwenye barafu ya Olimpiki na ukumbi mzima ukasimama. Hakukatwa kitu. Nilifurahi kumwona, kijana yule ana mwili usiojua uzito. Nilikasirika pia, kwa sababu watangazaji wengi walilishangaa kana kwamba limezaliwa jana.

Mjukuu alitaka kujua huyo Bonaly ni nani. Tulimtafuta, tukamtazama, naye akasema hakuona kosa lolote. Mimi pia sijaliona, tangu 1998.

Mwaka 2030 Olimpiki ya majira ya baridi inakwenda Ufaransa, na mji wa Nice, alikozaliwa Surya Bonaly, uliwekwa katika mpango wa wenyeji. Waandaaji wakitafuta mtu wa heshima wa kusimama mbele ya watu usiku wa ufunguzi, wasihangaike kutafuta mbali: wampe yeye nafasi hiyo, akiwa angali hai kuipokea.