Vifungo Kwenye Kitambaa cha Kaki

Mjukuu wa dada yangu ana jezi ya Barcelona yenye jina la Messi mgongoni, ingawa Messi mwenyewe alihama tangu 2021. Kikosi cha Madrid cha msimu wowote anakutajia kwa mpangilio, kipa hadi winga ya kushoto, na aliyeumia goti na aliyeuzwa kwa hasara. Juzi hapa barazani, mbele ya watu wazima, akatangaza kwamba hajatokea Mtanzania kusajiliwa na klabu ya Hispania. Nikamuuliza, na Farid Mussa je? "Farid wa Yanga, babu?" Na Chilunda? Huyo hakumjua kabisa. Nikamuuliza Tenerife iko wapi. Ureno, akasema, tena kwa sauti ya mtu anayemhurumia anayemuuliza.

Lawama si yake peke yake. Amekuzwa na kioo cha simu, na kioo hicho hakina habari na Tenerife. Sisi rika langu hapa Bagamoyo tulifundishwa mpira na fundi cherehani.

Kibaraza chake kilikuwa jirani na mtaa wa India, upande ambao upepo wa baharini ukigeuka jioni unakuletea harufu ya ng'onda kutoka sokoni kwa samaki. Alikuwa Mbondei wa Muheza aliyeoa kwetu akabaki. Ukikaa pale ulinusa mafuta ya Singer, mkaa wa pasi, na kile kitambaa kipya chenye wanga ambacho sijakisikia harufu yake tena tangu mitumba ijae. Redio yake ilikuwa Philips ya mkanda wa ngozi. Betri zikichoka alizianika juu ya bati tangu asubuhi, na mechi ikiwa kubwa alizigeuza adhuhuri kama mtu anayegeuza mihogo, ili zipate joto pande zote.

Kwenye meza ya kukatia alitandaza kipande cha kaki, akachukua chaki yake ya ufundi akachora uwanja: mstari wa kati, maboksi mawili, magoli. Kisha akamimina vifungo kutoka kwenye kopo la Kimbo. Simba walikuwa vifungo vyekundu vya magauni. Vya kijani vilikuwa adimu, kwa hiyo nusu ya Yanga ilivaa vifungo vyeusi vya suruali, na hakuna aliyelalamika. Mpira ulikuwa punje ya mbaazi. Mtangazaji akisema beki wa kulia amepanda, kifungo kinapanda. Akisema kona, mbaazi inawekwa kwenye pembe, na fundi anaondoa mguu kwenye kanyagio la cherehani hadi kona ipigwe. Mteja aliyekuja kuchukua suruali yake wakati wa kona alisubiri kama sisi. Watoto tuliruhusiwa kusimama nyuma ya meza kwa sharti la kutogusa kitambaa. Aliyekigusa alipigwa na futi ya mbao, kidogo tu, ya kumkumbusha.

Kifungo kimoja kilikuwa cha shaba, cha koti la askari, sijui alikipata wapi. Hicho kilikuwa Sunday Manara, yule waliyemwita Kompyuta wakati ambapo Bagamoyo nzima hakuna aliyewahi kuiona kompyuta. Sunday akiwa Yanga, kifungo kilikaa Yanga. Yanga ilipopasuka na wachezaji wengi wakaenda Pan African, fundi akakihamishia Pan. Ndiyo maana 19 Julai 1977 (tarehe hiyo nimeihakikisha, nyingine humu msinibane) Simba walipowapiga Yanga mabao 6 kwa bila, cha shaba hakikuwa mezani. Abdallah Kibadeni alifunga 3, Jumanne Masimenti 2, na moja Selemani Sanga wa Yanga alijifunga mwenyewe. Fundi alikuwa wa Coastal Union hadi kwenye mifupa, hivyo aliiingiza mbaazi golini mara sita kwa utulivu wa hakimu. Yanga mmoja aliyekuwa amekuja kwa ajili ya kanzu ya Idi aliondoka bila kuaga.

Sunday alipovuka bahari kwenda kucheza Heracles ya Uholanzi, Mtanzania wa kwanza kulipwa mshahara wa mpira Ulaya, fundi alikiondoa kile kifungo kwenye kopo akakigandisha kwa nta kwenye fremu ya dirisha. Mtu akiuliza anajibiwa, "Huyo yuko safari." Sikiliza sasa: vijana wa leo wanamjua sana mwanawe Haji, msemaji aliyesema kwa niaba ya Simba kisha kwa niaba ya Yanga, na wanamjua kwa maneno yake. Kwamba baba mtu alicheza mpira, tena mpira ule, ni habari mpya kwao.

Agosti 1979 ilikuwa Ndola. Nchi ilikuwa ndiyo kwanza imetoka vitani. Kibaraza kilijaa hadi barabarani, na kwa kuwa Zambia hawakuwa na rangi kwenye kopo, fundi aliwapa vifungo vya mifupa. Sare ilitosha kutupeleka Lagos, kwenye fainali za Kombe la Mataifa ya Afrika, na tulikuwa nyuma kwa bao moja hadi dakika za mwisho kabisa. Peter Tino aliposawazisha, fundi hakuwahi hata kumsogeza, kwa sababu meza ilipinduka. Tulitafuta vifungo mchangani hadi giza likaingia. Lagos yenyewe mwaka 1980 tulifunga bao kila mechi, Juma Mkambi dhidi ya Nigeria, Thuwein Ally dhidi ya Misri na tena dhidi ya Ivory Coast, na tukarudi na pointi moja. Kwa miaka 39 baada ya hapo tuliishi kwa pointi hiyo.

Wahispania waliingia kibarazani kwa mlango wa nyuma. Katika Kombe la Dunia la 1986, redio ilituambia kwamba kijana wa Real Madrid, Emilio Butragueño, amewafunga Denmark mabao 4 peke yake. Jina lile halikutamkika. Fundi alijaribu mara kadhaa, akaishia "Butu". Kwa hiyo Butu akawa mchezaji wa kwanza wa klabu ya Hispania kukaa kwenye kitambaa cha kaki Bagamoyo, kifungo cheupe cha shati, kwa sababu fundi alikuwa amesoma mahali kwamba Madrid huvaa nyeupe. Akawa anamtumia kutufundisha namna mshambuliaji anavyojificha mgongoni kwa beki. Picha ya Butragueño hatukuwa tumeiona hata moja. Nilipokuja kumwona kwenye picha, miaka mingi baadaye, nilishangaa alivyo mdogo wa umbo. Kifungo kilikuwa kinanipa mtu mkubwa zaidi.

Mwaka 1988 Coastal walichukua ubingwa wa Bara, na fundi akafunga duka wiki nzima kwenda Tanga. Ukitazama ramani utaona Tanga iko hapo juu tu, ukifuata ufuo kupitia Saadani na Pangani, lakini wakati ule mwenye akili alizunguka Chalinze na kuomba Mungu basi lisiharibike. Alirudi sauti imekauka. Coastal walikuwa na Mohamed Mwameja golini, Juma Mgunda mbele, na Razak Yusuf ambaye uwanjani kwao Mkwakwani walishamwita Careca, kwa jina la Mbrazili. Nilikuwa kijana mkubwa na nilishaanza kujiona mjanja, nikamtania kwamba hata Tanga sasa wanaazima majina ya nje. Alinitazama juu ya miwani. "Kuazima si tatizo," alisema, "tatizo mtu asahau kurudisha."

Fundi alifariki mwaka 1993, mwaka ambao Simba walifika fainali ya Kombe la CAF na kufungwa 2 nyumbani na Stella Abidjan. Televisheni za Bara zilianza mwaka uliofuata. Kabla ya hapo aliyekuwa na seti hapa mjini alisimamisha antena juu ya boriti ya mkoko na kuielekeza Unguja, akapata picha yenye mvua. Fundi hakupenda kwenda huko. Alisema inamchanganya.

Na hapa nina jambo moja la kumsikitikia. Juni 1992, siku ya mwisho ya ligi ya Hispania, Real Madrid walihitaji ushindi tu kuwa mabingwa, ugenini kwenye kisiwa cha Tenerife, visiwa vya Canary, karibu na Afrika kuliko Hispania yenyewe. Waliongoza 2 bila. Tenerife wakarudisha zote na kuongeza ya tatu, na ubingwa ukaenda Barcelona. Mwaka uliofuata, siku ya mwisho tena, uwanja uleule, Madrid wakafungwa 2 kwa bila na ubingwa ukaenda Barcelona tena. Kocha wa Tenerife alikuwa Jorge Valdano, ambaye alikuwa mchezaji wa Madrid. Kiungo wao alikuwa Fernando Redondo, na Madrid walipoona hawawawezi wakawachukua wote wawili mwaka 1994. Baadaye Juan Antonio Pizzi alifunga mabao 31 akiwa na Tenerife, msimu wa 1995/96, akawa mfungaji bora wa ligi nzima mbele ya hao wakubwa wote. Shabiki wa Coastal angeielewa klabu hiyo bila kufafanuliwa. Hakuna redio iliyotuletea.

Kibanda umiza kilikuja na dishi, na dishi likaja na karamu ya Kihispania. Kile cha kwetu kilikuwa mabati matupu, mabenchi ya minazi, jenereta nje, mlangoni mama wa mihogo na kachori. Kiingilio shilingi 200. Usiku ninaoukumbuka kuliko yote ni wa Novemba 2002, katikati ya Ramadhani. Watu walitoka tarawehe wakapitiliza kibandani na kofia zao, kwa sababu Luis Figo, aliyeihama Barcelona mwaka 2000 kwenda Madrid, alikuwa anarudi Camp Nou. Kila akienda kupiga kona chupa zinamshukia. Mwamuzi akasimamisha mchezo, wachezaji wakaingia ndani, nasi tukakaa tukitazama uwanja usio na mtu na kugombana. Siku zilizofuata magazeti yakaeleza kwamba kati ya vilivyotupwa kulikuwa na kichwa cha nguruwe. Hapo ndipo mgogoro ulipoanza hasa. Wapo waliohama Barcelona palepale, kwa dini. Mzee mmoja aliuliza kama mchezo uliochezwa juu ya nyasi iliyoguswa na kitu kile unahesabiwa, na akajibiwa kwamba ulikwisha sare ya bila kwa bila, kwa hiyo hakuna cha kuhesabu.

Figo huyo tulimwona Dar es Salaam Agosti 2014, alipokuja na wakongwe wa Real Madrid. Sevilla nao walikuja Mei 2019, wakaifunga Simba 5 kwa 4, mechi ambayo hadi leo Wanasimba wanaisimulia kama ushindi.

Sasa Farid. Azam mwaka 2016 walimleta kocha kutoka visiwa hivyo vya Canary, Zeben Hernández, ambaye hakumaliza mwaka. Farid Mussa, winga wa Azam, alikwenda majaribio Tenerife mwaka huohuo, akafaulu, kisha akakaa nyumbani miezi akisubiri kibali cha kazi. Aliondoka Desemba. Alicheza zaidi timu yao ya pili, akarudi nyumbani 2020 na kusajiliwa Yanga. Shabani Idd Chilunda alimfuata 2018 kwa mkopo, baada ya kuwa mfungaji bora wa Kombe la Kagame, akapelekwa Izarra hukohuko Hispania, akarudi. Hawakuwa Redondo. Lakini walivaa jezi ya bluu na nyeupe ya klabu iliyowanyang'anya Madrid ubingwa mara mbili, na mtoto anayejua nani aliumia goti Bernabéu hana habari. Januari 2018 mwenzao wa Kenya, Michael Olunga, alitokea benchi la Girona akawafunga Las Palmas, majirani na mahasimu wa Tenerife, mabao 3 katika ushindi wa 6 kwa bila. Ni mabao matatu ya kwanza ya mtu mmoja katika historia ya Girona kwenye ligi kuu. Hilo kibandani lilisherehekewa dakika tano.

Yaliyofuata yamekwenda mbio. Lami imeleta Dar hadi mlangoni kwetu, Simba wana uwanja wa mazoezi Bunju, na mwishoni mwa 2021 waliwahi kumchukua Pablo Franco, aliyekuwa msaidizi wa kocha Real Madrid. Alidumu miezi michache. Clara Luvanga, binti wa Kitanzania, alipita Dux Logroño ya Hispania mwaka 2023 akaenda Al Nassr, na sikusikia mtu akimtaja barazani. Fukwe zimezungushiwa kuta, na wavulana wanachezea barabarani. Wengi hawachezi, wanatazama, tena kila mmoja peke yake, shingo imepinda.

Wakati Farid yuko huko nilikwenda kwa mwenye kibanda, kijana mwenye adabu, nikamwomba Jumapili moja atutafutie Tenerife. Nilijua ligi ya pili ni shida, na Farid huenda asiwepo hata benchi. Nilikuwa tayari kulipia viti vyote vya mbele.

"Shikamoo mzee," alisema. "Nikuambie kweli? Hiyo hata kwenye mkeka hakuna mtu ameiweka."

Akaniwekea Madrid, bure.