Lamu kwa miguu: picha, mchanga na GPS

Juzi niliacha tarakilishi nyumbani nikatembea ufuo wa kisiwa cha Lamu, kutoka Shela kuelekea Kipungani. Ni zaidi ya kilomita 10 za mchanga mtupu, bila duka wala kivuli. Anza alfajiri, maji yakiwa yamekupwa.

Upande wa kulia kuna vilima vya mchanga. Ndivyo vinavyochuja mvua na kuhifadhi maji matamu ya mji wa Lamu.

Sasa kamera. Ukiwasha GPS, simu huandika latitudo na longitudo ndani ya kila picha. Digrii 1 ya latitudo ni kama kilomita 111, kwa hivyo tarakimu 5 baada ya nukta ni kama mita 1. Raha sana ukichora ramani ya safari! Lakini kasa hutaga kwenye fuo za Lamu. Picha ya kiota ikiwa na nambari hizo, mwizi wa mayai hahitaji kuonyeshwa njia.

Basi nikaandika skripti fupi: picha za viota zinafutwa data ya mahali kabla ya kupakiwa. Za vilima nimeziacha na nambari zake. Siku mtu akichota mchanga ule, tutajua kilima kilisimama wapi.