Chanzo changu ni Bibi

Wadau, juzi nimegombana na mtu nisiyemjua. Niliandika kwenye Wikipedia ya Kiswahili jinsi mtaa wetu ulivyopata jina. Kurudi, sentensi imefutwa. Nikairudisha. Akaifuta. Nikairudisha tena, hasira zimepanda.

Kwetu chumba cha habari, mkibishana mhariri mkuu anaamua, yamekwisha. Kule hakuna mhariri mkuu, kuna ukurasa wa majadiliano. Wenzao wa Wikipedia ya Kiingereza wana sheria kabisa: ukitengua kazi za wenzako zaidi ya mara tatu ndani ya saa 24 waweza kufungiwa, hata kama ukweli uko kwako! Mwaka 2005 walivutana juu ya mji mmoja wa Poland mpaka wakapiga kura: uitwe Danzig kwa miaka ya 1308 hadi 1945, na Gdańsk kabla na baada ya hapo.

Basi nikaenda majadiliano nimejiandaa kwa matusi. Jamaa kauliza kitu kimoja tu: chanzo chako ni kipi?

Ni Bibi. Alikuwepo. Ila Bibi hajachapishwa popote, na mimi mwandishi wa habari (aibu hii!) sijawahi hata kumhoji.

Jumamosi naenda kwake na kinasa sauti. Sentensi nimeiacha ilivyofutwa.