Siku ya Tatu Hakuna Jembe

Wahenga wetu walisema: mgeni siku mbili, siku ya tatu mpe jembe. Methali hii aghalabu hutajwa kwa kumcheka mgeni asiyejua kuondoka, lakini undani wake una ukarimu kuliko inavyodhaniwa. Siku mbili za kwanza mgeni hutazamwa na kupakuliwa. Siku ya tatu huenda shambani pamoja na wenyeji, na tangu hapo huwa mtu wa nyumba ile. Jembe ndilo linalomvua ugeni. Nimeikumbuka methali hii kila nilipoulizwa, nami nimeulizwa mara nyingi, kama watu wa kazi, mume na mke wasiozoea kuhudumiwa, waweza kustarehe katika zile meli ndogo za fahari zinazowatembeza watalii mwambaoni mwetu.

Msomaji wa visiwani amekwisha kuziona meli hizo. Si yale majumba yaeleayo yenye abiria maelfu. Hizi huchukua watu mia moja, pengine mia mbili, na udogo wake ndio unaoziwezesha kutia nanga mbele ya Kilwa Kisiwani na kuwashusha wageni kwa mashua za mpira. Udogo huo ndio pia ughali wake, kwani wahudumu hukaribia idadi ya wanaohudumiwa, na kila mgeni huitwa kwa jina lake tangu siku ya kwanza.

Kwetu sisi wa kusini, safari ya bahari ina kumbukumbu nyingine. Katika karne ya 19 watu wa bara, hata wa pande za Ziwa Nyasa, waliteremshwa hadi pwani, wakapakiwa majahazini kama shehena na kuuzwa Unguja. Mwaka 1876 Askofu Edward Steere, yuleyule aliyeifanyia lugha yetu kazi kubwa ya sarufi na tafsiri, aliwachukua kutoka Unguja baadhi ya waliokombolewa, wanaume kwa wanawake, akashuka nao Lindi, wakaenda kwa miguu mpaka Masasi. Huko ndiko ulikoota mizizi umisheni uliotuletea baadaye shule ya Chidya, hapa ninapokaa. Na kabla ya Daraja la Mkapa kufunguliwa mwaka 2003, masika yalipoikata njia ya Rufiji, wengi wetu tulipanda meli ya Dar es Salaam hadi Mtwara, tukatandika mikeka sitahani. Pale hakuna aliyebaki mgeni. Huyu alimshikia mwenziwe mtoto, yule alimega muhogo wake, mwingine aliilinda mizigo ya jirani aliyezidiwa na mawimbi. Tulibanana na kulowa, lakini majembe yalikuwepo.

Mwezi wa Novemba 2023 nilialikwa niwaeleze na kuwafasiria wageni wa meli moja ya fahari habari za mwambao, kutoka Unguja, kupitia Mafia na Kilwa, hadi Mtwara. Ujira wangu ulikuwa fedha kidogo na chumba cha watu wawili, nikafuatana na mke wangu. Mimi nimesoma hadi darasa la saba, na mengine nimejisomea mwenyewe. Miaka mingi nimekuwa karani wa mizani katika chama cha msingi cha wakulima wa korosho, na mashairi nimeyaandika usiku. Mke wangu ni mkulima. Alikulia Newala, juu ya uwanda wa Makonde usio na mto wala kijito, ambako utotoni aliteremka bondeni kuteka maji na kuyapandisha kichwani. Tulipoondoka korosho zilikuwa zimekwisha kuanza kuanguka, akamwachia dada yake shamba.

Chumbani maji ya kuogea yalimiminika kutoka juu kama mvua ya masika. Mke wangu aliyafunga kila alipojipaka sabuni, kisha akayafungua tena kwa kujisuuza tu. Hakuna aliyemwambia kuwa maji yana kipimo. Mkono wake tu haukukubali.

Watu hudhani kwamba tabu ya watu wa kazi mahali kama pale ni uma na visu. Hasha! Uma hufundishika kwa mlo mmoja. Tabu ni kuketi ilhali mtu amesimama nyuma yako akingojea sahani yako iishe. Kijana wa rika la mwanetu alipomvutia mke wangu kiti, mke wangu alimshukuru na kumtaka naye akae. Kijana alicheka kwa adabu, asikae.

Wala haya si ya Waafrika peke yetu. Mezani petu walikuwepo Waingereza wawili, mume dereva wa basi mstaafu na mke muuguzi, waliodunduliza fedha kwa miaka mingi ili waione Zanzibar. Mume yule alikuwa akikitandika kitanda chake mwenyewe kila alfajiri. Kijana mtunza vyumba, Mwunguja, alinieleza jambo hilo kwa sauti ya chini. "Mzee," alisema, "yule bwana anadhani ananipunguzia kazi. Mimi hukitandua nikakitandika upya, maana msimamizi akipita, kitanda lazima kionekane nimekitandika mimi."

Maneno hayo yalinifikirisha. Dereva yule alikuwa akitafuta jembe, na jembe pekee aliloliona karibu lilikuwa la mtu mwingine. Kijana yule naye ana mke Unguja ambaye hamwoni kwa miezi mingi. Mkataba wa kimataifa wa Kazi za Baharini wa mwaka 2006 umeweka kipimo cha mapumziko ya baharia kuwa yasipungue saa 10 katika kila saa 24. Yaani katika chombo kilekile, mmoja hununua mapumziko kwa fedha nyingi, na mwingine yalibidi kuandikiwa sheria ili ayapate.

Usiku wa pili nilimwuliza mke wangu mbona amenyamaza. Akanijibu: "Baba watoto, wewe umekuja kazini. Mimi nimekuja kutazamwa."

Waama, ndivyo ilivyokuwa. Mimi nilikuwa na jembe langu: nilifasiri, niliulizwa, nilingojewa. Starehe yangu ilitokana na kazi, wala si na godoro. Miaka 30 ya ndoa yetu tumeishi kwa kupokezana, huyu akibeba gunia, huyu akishika mdomo wa gunia. Hata mazungumzo yetu hupita humo. Sasa tumeketi kwenye viti viwili vilivyoelekezwa baharini, hapana gunia kati yetu, na mmoja wetu tu ndiye aliyekuwa na la kufanya kesho yake.

Siku ya tatu tulishuka Kilwa Kisiwani. Niliwapeleka wageni Msikiti Mkuu, kisha Husuni Kubwa, nikawaonyesha lile hodhi la pembe nane la jumba la masultani wa karne ya 14, fahari ya zama nyingine. Mke wangu alikuwa amebaki nyuma kivulini, kwa wanawake wa kijiji waliokuwa wakisuka ukili. Baadaye alinisimulia kuwa hawakumwuliza mengi. Mmoja alimsogezea miyaa tu, naye akaanza kusuka.

Tuliporudi, mgeni mmoja wa kike aliinua kamera, akaomba ruhusa kwa ishara ya mkono, akawapiga picha wale wanawake, mke wangu akiwa katikati yao. Mgeni yule alikula usiku mbili meza ya pili kutoka kwetu, na asubuhi ileile walisalimiana mlangoni mwa chumba cha kulia. Hakumtambua.

Usiku nilimwuliza mke wangu kama jambo lile lilimwumiza. Alifikiri kidogo. "Kwa nini liniumize?" akasema. "Ile ndiyo saa pekee ambayo angenipiga picha akanikuta nimestarehe."

Mimi ni mfasiri, na desturi ya wafasiri ni kurejea kwenye maneno. Tuna maneno mawili kwa jambo hili. La kwanza ni anasa, ambalo siku hizi lanuka ubadhirifu, lakini katika Kiarabu lina undugu na neno lenye maana ya kuzoeana na kuliwazana na watu. La pili ni starehe. Waungwana wa mwambao hulitumia kwa namna nzuri mno: aingiaye, akiwaona waliokaa wanataka kuinuka kwa ajili yake, husema "Starehe!", yaani kaeni, msisumbuke kwa sababu yangu. Basi katika adabu yetu starehe hutoka kinywani mwa mgeni kumwendea mwenyeji. Ni kitu mtu anachompa mwenziwe.

Kwa hiyo nijibu swali nililoulizwa. Mume na mke wa kazi waweza kustarehe katika meli ya fahari siku ya kwanza, hata ya pili, na hakuna haya katika kulala vizuri na kula vizuri baada ya miaka mingi ya jua. Siku ya tatu ndiyo yenye mtihani. Meli imejengwa ili mgeni abaki mgeni mpaka mwisho wa safari, na mtumishi abaki amesimama. Humwambia mgeni "starehe" usiku na mchana, na haimwachii hata nafasi moja ya kumwambia neno hilo mtu mwingine.