Jumatatu ya Blackwolf Run

Huenda msomaji wa jarida hili akashangaa kuukuta mchezo wa gofu katika kurasa zilizozoea mijadala ya ushairi na ngeli. Sitamlaumu. Gofu kwetu ni mchezo wa nyuma ya ua: mpita njia huziona nyasi zilizonyolewa na vibendera vinavyopepea, akaendelea na safari yake. Mimi niliujua kwa kuwa baba yangu alikuwa kedi kwa miaka ishirini na ushei, akiwabebea wachezaji mikoba ya magongo katika klabu moja ya nyanda za juu karibu na Nairobi. Ninachokusudia kukizungumzia, hata hivyo, ni siku moja tu ya mchezo huo: Jumatatu, tarehe 6 Julai 1998, katika uwanja wa Blackwolf Run mjini Kohler, jimbo la Wisconsin, nchini Marekani.

Mashindano yaliyokuwa yakiendelea huko ni U.S. Women's Open, yaliyoanza mwaka 1946, na ambayo ni makongwe kuliko yote kati ya mashindano makuu matano ya gofu ya wanawake wa kulipwa. Wachezaji hupiga mashimo 72 kwa siku nne, Alhamisi hadi Jumapili, na mwenye mikwaju michache zaidi ndiye bingwa. Enzi hizo, waliotoshana nguvu walirudi uwanjani Jumatatu kucheza mashimo mengine 18. Mwaka 1998 walirudi wawili, wote wenye umri wa miaka 20, kila mmoja akiwa na mikwaju 290. Wa kwanza alikuwa Pak Se-ri wa Korea Kusini, mchezaji wa kulipwa. Wa pili, Jenny Chuasiriporn, alikuwa mchezaji wa ridhaa, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Duke, Mmarekani aliyezaliwa na wazazi kutoka Thailand. Jenny alijipatia Jumatatu hiyo kwa kuusukuma mpira umbali wa kiasi cha mita 12 hadi shimoni katika shimo la mwisho la Jumapili. Aliufunika mdomo kwa mkono, kana kwamba kitendo kile kilikuwa cha mtu mwingine.

Nyumbani kwetu, Jumatatu ilikuwa na maana yake. Ndiyo siku ambayo klabu ile iliwaruhusu makedi kucheza. Baba alikuwa na magongo matatu, yote ya kuachiwa, na kila Jumatatu ya likizo alimchukua kaka yangu. Mimi nilikuwa na miaka kumi na mmoja nilipoomba kwenda. Alinijibu bila ukali wowote kwamba msichana hana la kufanya kule, na kwamba mama alihitaji maji. Sikuomba tena. Nilijifunza gofu kwa masikio, kutokana na mazungumzo yao wakati wa chajio: upepo, mteremko, namna nyasi zinavyolala.

Turudi Kohler. Baada ya mashimo 17 ya Jumatatu hiyo, wawili hao walikuwa bado sawa. Katika la 18, mpira wa Pak ulikwenda kombo kushoto, ukaporomoka hadi ukingoni mwa bwawa, ukanaswa na nyasi ndefu juu kidogo ya maji. (Nyasi ndefu ni adui wa kila kedi. Baba huzilaani hasa zile zetu ziitwazo za Kikuyu, zilizotoka katika nyanda hizi na kupelekwa California, ambako zimeufunika uwanja mashuhuri wa Riviera. Nilipomwambia hivyo alicheka kwa fahari isiyofichika.) Kanuni zilimruhusu Pak kuuokota mpira na kuuweka pengine kwa adhabu ya mkwaju mmoja. Alitazama kwa muda mrefu. Kisha akavua viatu na soksi, akaingia majini, akapiga.

Hapo ndipo kamera ilipoinasa miguu yake. Ndama za miguu zilikuwa zimebabuliwa na jua, lakini kuanzia kifundoni kwenda chini nyayo zilikuwa nyeupe pe, kama za mtu mwingine aliyeungwa naye. Waandishi wengi wamelisifu tendo lile kwa ujasiri wake. Kwa maoni yangu, ujasiri ni wa dakika moja. Mpaka ule wa rangi kifundoni ulikuwa umechorwa kwa miaka, tangu baba yake alipomtia gongo mkononi. Korea Kusini ilikuwa katika dhiki: mwishoni mwa mwaka 1997 ilikimbilia Shirika la Fedha Duniani, na mapema mwaka 1998 raia walipanga foleni kutoa pete na mikufu yao ya dhahabu ili deni lilipwe. Taifa lililokesha mbele ya runinga usiku ule halikuhitaji kufafanuliwa maana ya nyayo hizo.

Mpira ulitoka. Pak alimaliza shimo lile kwa mkwaju mmoja zaidi ya kadirio. Jenny naye alibakiwa na mkwaju mmoja wa kutwaa ubingwa, akaukosa. Wakawa sawa tena, 73 kwa 73. Katika shimo la pili la nyongeza, Pak aliusukuma mpira kiasi cha mita 5, ukatumbukia. Mashimo 92 yalikuwa yamechezwa.

Yaliyofuata yanajulikana. Park In-bee, aliyekuwa hajatimiza miaka kumi alipouona ushindi huo, alilitwaa taji hilohilo mwaka 2008 akiwa na miaka 19. Choi Na-yeon alilitwaa mwaka 2012 papo hapo Blackwolf Run. Tangu mwaka 2007 Jumatatu ya mashimo 18 imefutwa. Mwaka 2018 Ariya Jutanugarn wa Thailand alimshinda Mkorea katika mashimo ya nyongeza. Jenny hakudumu katika gofu ya kulipwa. Alisomea uuguzi, akawa muuguzi.

Nilimwonyesha baba kanda ya siku hiyo baada ya kustaafu kwake. Hakusema lolote Pak alipoingia majini. Makedi wana adabu ya kunyamaza mchezaji anapopiga. Jenny alipoukosa mkwaju wake, aliniuliza mkoba wake ulibebwa na nani. Nikamwambia ni kaka yake, aitwaye Joey.

Aliitazama skrini kwa kitambo.

"Kwa hiyo kaka ndiye aliyebeba," akasema, "na dada ndiye aliyepiga."

"Ndivyo, baba."

Akaniomba nirudishe nyuma, nianzie pale wawili hao walipokuwa wakitembea pamoja kuelekea shimoni.